Nai Juu Kumefungwa: Rada ya Kurusha Droni Ocha Bila Ngori

Chukua ramani ya Nai. Weka alama pale JKIA, ingine Wilson, ingine Moi Air Base pale Eastleigh. Sa zungushia kila alama duara ya kilomita 10, alafu ucheki kenye imebaki. Lang'ata imemezwa. Kibra, South B, Upper Hill, tao yote, Westi, Buru, Donholm, Embakasi, Syokimau, zote ziko ndani. Nairobi National Park nayo, sehemu kubwa iko ndani, na hata penye duara hazijafika, hiyo ni ya KWS. Manze, kaa uliomoka na kadroni ka kwanza ukidhani utakuwa unakarusha roof ya ploti kila jioni, Kanairo inakuambia zii.

Ndo maana kila msee wa hii hobi huishia ocha. Huko anga ni kubwa, ploti haziko zimebanana, na mashuti ni kali: milima, mabonde, mashamba ya chai, ziwa zenye rangi hujawahi ona. Lakini wengi huenda na fikra mbaya kichwani, ati shags ni free, ati huko hakuna sheria, unashuka tu kwa ndai unarusha. Hiyo ni stori ya jaba. Ocha kuna milango mbili za kubisha. Ya kwanza ni ya gava, juu wao ndio wanashikilia anga. Ya pili ni ya mwenye shamba, juu hapo unaposimama ni kwa mtu. Ukifunguliwa moja na ingine ikae imefungwa, bado haujaruhusiwa. Wacha nikupange, mlango kwa mlango.

Makaratasi kwanza, luku baadaye

Mdosi wa anga hapa Kenya ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa ndege, na ofisi zao kubwa ziko Aviation House pale JKIA. Kanuni zenye zinatumika ni za 2020. Kabla ya hapo mambo ilikuwa giza: zile za 2017 zilipigwa chini na Bunge, wasee wakabaki na madroni kwa kabati wakiogopa kuzitoa. Kwa hivyo ukisikia buda wa mtaa anakuambia "droni ni haramu Kenya," jua ako na habari za kitambo. Droni ni halali. Kenye si halali ni kurusha kitu haijulikani ni ya nani.

Kwa hivyo, sajili. Lazima uwe na miaka 18 kwenda juu ndio droni iandikwe jina yako, na uwe raia, mkaazi, ama kampuni imesajiliwa hapa. Na usikuje na ile hekaya umetoa YouTube, ati droni chini ya gramu 250 haihesabiwi. Hiyo gramu 249 imeandikwa kwa kibati ya DJI Mini iliundwa na akili za sheria za Marekani na Ulaya. Hapa kwetu hata hako kadogo kanasajiliwa.

Alafu kuna hii ya binamu. Kila familia iko na binamu ako majuu, na kila Disemba anauliza akuletee nini. Ukimwambia droni, mwambie pia aipange mapema, juu kuingiza droni nchini inataka kibali cha KCAA kabla ifike. Ikipatikana kwa suitcase bila karatasi, wasee wa customs wanaibakisha hapo airport, na Krismasi yako inaanza na kukimbizana na barua.

Ukishasajili, jiulize swali moja: unarusha kujibamba ama unarusha kulipwa? Juu siku ile mtu atakutumia hata thao tano kwa M-Pesa ndio umpigie picha ya shamba anauza, gemu imebadilika. Biashara inataka leseni ya rubani na cheti cha uendeshaji, ile wasee wa hii kazi huita ROC. Hapa leo tunabonga ya kujibamba.

Namba za kukariri

Kuna namba chache, na zote unaweza kuziweka kwa kichwa bila kufungua simu.

Futi 400. Hiyo ndio dari yako, kaa mita 120 hivi kutoka ardhini. Mita 50 ndio umbali wa chini kabisa kutoka kwa mtu, gari ama jengo lenye si lako na hujaelewana na mwenyewe. Kilomita 10 kutoka kwa viwanja vya ndege vikubwa, na kilomita 7 kwa vile vidogo. Mchana pekee, na droni ibaki mahali macho yako yanaiona, si kwa skrini.

Hiyo ya kilomita 7 ndio inachoma wasee ocha. Mtu wa Nai akisikia kiwanja cha ndege anafikiria JKIA, lami, na duty free. Ocha kiwanja cha ndege kinaweza kuwa ni barabara ya vumbi na mbuzi zinakula kando, na kamfuko ka upepo kamening'inia kwa mlingoti. Hako ni airstrip. Cessna inatua hapo ikibeba watalii, ama daktari, ama mgonjwa. Diani ni ocha ya raha, lakini airstrip ya Ukunda iko hapo hapo nyuma ya hoteli. Lamu vile iko na mashuti ya dau na paa za makuti, kiwanja cha Manda kiko ng'ambo tu ya maji. Magadi nayo, na hiyo joto yote na chumvi, iko na airstrip. Kabla uweke mafuta, fungua ramani ya satelaiti na utafute kamstari kamenyooka kenye hakaendi popote. Ukikapata, pima.

Na hiyo futi 400 iko na mtego wake. Kimo chenye apu yako inakuonyesha kinahesabiwa kutoka mahali ulirusha, si kutoka ardhi yenye iko chini ya droni saii. Kwa shamba tambarare hiyo ni sawa. Lakini simama kwa ukingo wa bonde pale Iten, rusha droni mita 30 juu ya kichwa, alafu uisukume mbele. Apu bado inasema mita 30. Chini yake ardhi imeanguka, na ukiendelea mbele zaidi, bonde la Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini ya ule ukingo. Umevunja sheria na kidole hakijagusa kitufe cha kupanda. Suluhu ni kushuka na mteremko, ukifuata ardhi vile inaenda, ama ubaki karibu na ukingo.

Penye kumeweza

Sa tuongee penye unaweza kwenda. Hizi si ruhusa, ni mahali penye mlango uko na mtu wa kuufungua.

*Kinangop.* Hapa ndio ningetuma msee wa kwanza kabisa. Uwanda wa juu wa Nyandarua, mashamba ya viazi na kabeji yamepangwa viraka viraka mpaka yagonge ukuta wa Aberdare. Uzuri wa Kinangop ni kwamba ardhi mingi ni ya mtu mmoja mmoja. Guka ako na ekari zake, title iko kwa sanduku, na akisema sawa, hiyo ni sawa yenye unaeza simamia. Kuna mipaka: upande wa mashariki ukishafika msitu na park, geuza. Bwawa la Sasumua nalo lipite mbali, juu hiyo ni maji ya Nai na hakuna askari atakuelewa ukielea juu yake. Alafu kwa nyasi ndefu kunaishi Sharpe's longclaw, kandege ka kifua cha manjano kenye hakapatikani nchi ingine yoyote zaidi ya Kenya. Nyasi zake zinaisha kila mwaka shamba zikipanuka. Usikashukie na mapropela.

*Ukingo wa Elgeyo.* Iten iko juu, mita 2,400 hivi, na kila mtu anaijua kwa mbio. Asubuhi mapema kabla upepo uamke, ile bonde inajaza mwanga polepole na hauhitaji filta. Lakini hapa anga iko na wenyeji: wasee wa paragliding. Miezi ya kiangazi mwanzoni mwa mwaka wanaruka kutoka kwa huu ukingo, wanaelea na hewa moto masaa mob. Mtu amefungwa kwa kitambaa na kamba hana njia ya kukwepa droni yako. Ukiona kitambaa kimoja angani, shusha na utoe betri. Pia usiamini betri kama ile ya Nai. Hewa ni nyembamba, mapropela yanazunguka kwa nguvu zaidi, chaji inaisha kaa umeibiwa. Na usishuke na bonde lote: chini kuna Rimoi, hifadhi ya wanyama, na mbele huko kuna maeneo ya North Rift yenye operesheni ya usalama ilianza 2023. Askari akisikia mlio juu yake mahali kaa hapo, hataanza kwa kukuuliza jina.

*Barabara ya Magadi.* Ukishapita Kiserian na Corner Baridi, dunia inafunguka. Mbele ni Bonde la Ufa, kichaka na mawe, na joto yenye inakunja hewa. Hapa swali ni moja tu: hii ardhi ni ya nani? Na jibu inabadilika kila ukisonga. Kuna mashamba ya watu, kuna ardhi ya jamii ya Wamaasai, kuna eneo la kampuni ya magadi, na kuna Olorgesailie, penye mashoka ya mawe ya watu wa kale bado yako chini vile yaliachwa. Hiyo ya mwisho ni ya Makumbusho ya Taifa, so ruhusa inatoka kwao. Kwa ardhi ya jamii, unatafuta kamati, si mchungaji umempata barabarani, hata akikubali na tabasamu. Na cheki simu yako: joto ya huko inazima simu katikati ya safari, na simu ndio macho yako. Weka kivuli, rusha saa moja asubuhi, saa nne ushamaliza.

*Kit Mikayi.* Huku Seme, Kisumu, mbali ya kutosha na kiwanja cha Kisumu, kuna yale mawe makubwa yamebebana kaa jengo. Jamii ndio inatunza, na kuna watu wa kukupokea, so mlango unaonekana. Lakini watu huenda hapo kuomba. Kuna siku utapata waumini wamevaa kanzu, wanaimba, wengine wamefunga. Hiyo siku kamera inakaa kwa begi, hata kaa umelipa kiingilio. Alafu kumbuka magharibi anga yake si tupu: Zipline wako na kituo Chemelil, na ndege zao zisizo na rubani hupeleka damu na dawa hospitali za huko. Hiyo futi 400 yako unaielewa vizuri ukijua kuna damu ya mtu inaweza kuwa inapita.

Penye usijaribu

Park za KWS, zote. Hell's Gate, Longonot, Tsavo. Tiketi ya kuingia si tiketi ya kurusha. Kibali cha droni ndani ya park kinaombwa kando, na mara mingi ni cha utafiti ama filamu. Sababu haiko kwa karatasi pekee. Pale Hell's Gate tumbusi hulala na kuzaa kwa zile kuta za mawe, na spishi yenyewe iko karibu kuisha. Ndege mzazi akitishwa akaruka, yai linabaki kwa jua. Maasai Mara nayo iko chini ya kaunti ya Narok, so usidhani ukihepa KWS umehepa kila mtu.

Konzavansi za watu binafsi na za jamii, mlango ni ofisi yao. Nanyuki imenasa wasee mob: inakaa ocha ya soft life, Mlima Kenya nyuma, lakini kuna kambi ya jeshi la anga ya Laikipia, kuna airstrip, kuna park ya mlima, kuna makonzavansi. Ukitoa hizo zote kwa ramani, unabaki na meza ya kahawa.

Ngong Hills inakaa karibu na rahisi, lakini huko juu ni msitu wa KFS, na zile mashine za upepo ni mali ya kuzalisha stima. Uliza kwanza kwa geti. Na kila mahali, nchi yote: jela, kambi, steshoni ya karao, Ikulu ndogo, mahakama. Hata kaa shuti ni kali aje.

Mlango wa pili: wenyewe

Hapa ndio watu wa Nai huchoma. Karatasi wako nazo, app iko sawa, lakini wamefika kijiji cha watu wameanza kuzungusha kitu inalia juu ya choo ya mtu. Ocha watu huoga nje, hukausha nguo nje, huanika mahindi nje. Katiba Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu, na tangu 2019 kuna sheria ya ulinzi wa data, so sura ya mathe wa watu akiwa kwa kanga si content yako.

Protokali ni hii. Kwanza, mwenye shamba. Ingia kwa boma bila droni mkononi, salimia, kaa chini ukiambiwa ukae, kunywa chai ikikuja. Alafu eleza kwa lugha ya kawaida: "Mzee, niko na kandege kadogo ka kupiga picha, nilikuwa naomba nikarushe hapa kwa shamba lako dakika kumi na tano." Wazee wataanza na swali moja, na lazima uwe na jibu: umetumwa na nani? Juu ocha, mtu akipiga picha ya ardhi kutoka juu, huyo ni wa kupima. Na wa kupima akifika, kesi ya mpaka inafuata, ama barabara inapita kwa jikoni ya mtu. Hiyo hofu si ujinga, imejengwa na mambo yametendeka. Toa kitambulisho, onyesha cheti cha usajili, na ukishatua, muonyeshe picha zake mwenyewe kwanza. Akitaka moja, mtumie.

Pili, chifu ama assistant chief. Pigia simu ama upitie ofisini ukiwa njiani. Hakuna mtu atakulazimisha, lakini stori yoyote ya "kuna ndege ya ajabu" itaishia kwa meza yake, na ni poa zaidi akiwa tayari anajua jina lako. Kaa ni karibu na mpaka ama mahali pa noma, ongeza na OCS.

Tatu, majirani na mifugo. Mbuzi wanakimbia, ng'ombe wa maziwa anakatiza maziwa, punda anaweza kuvunja kamba na mkokoteni nyuma. Mizinga ya nyuki nayo, kaa mbali kabisa. Kunguru na mwewe watakushambulia juu umeingia kwa nyumba yao. Ukiona wanazunguka, shuka polepole, usishindane. Watoi watakimbia kufuata droni, na mtoi anakimbia akiangalia juu haoni shimo. Tua, waonyeshe kwa skrini, wakishatosheka waambie wasimame nyuma yako. Msee mmoja wa mbogi yako awe kazi yake ni watoi na anga tu, asiguse rimoti.

Sherehe za watu

Hii inataka mahali pake. Ocha ukiwa na droni, ndani ya wiki moja utaitwa: ruracio ya cuzo, harambee ya kanisa, matanga, mkutano wa mheshimiwa. Watasema "si urushe tu kidogo." Umati ndio mahali pabaya kabisa pa kurusha. Ile mita 50 inahesabika kwa kila kichwa kiko pale, na betri ikikufa juu ya tenti, hakuna mahali pa kuangukia penye hakuna shosho ameketi. Mkutano wa siasa ni noma mara mbili: juu ya umati kuna polisi, na juu ya polisi kuna mtu wa mheshimiwa mwingine anashuku umetumwa. Na wakikupea hata pesa kidogo ya asante, hiyo ni biashara, rudi ule mstari wa ROC. Kataa kwa heshima. Waambie utawapigia picha za boma asubuhi kabla wageni wafike, ukiwa na mwenye boma kando yako.

Kabla Jumamosi

Kaa unataka kutoka hii wikendi, kazi inaanza Jumanne. Cheki kaa usajili wako uko sawa, na uulize KCAA kaa kuna kitu imebadilika ama kuna zuio mahali unaenda, juu maeneo hufungwa kwa muda. Uliza bima pia, juu droni ikidondoka kwa paa la mtu, pole haitengenezi mabati. Jumatano, pima airstrip kwa ramani. Alhamisi, tafuta namba ya mwenye shamba, hata kaa ni kupitia msee wa nduthi wa hiyo stage. Hao wanajua kila mtu. Ijumaa, betri zote, propela za ziada, cheti kimechapwa kwa karatasi maanake mtandao huko ni wa kubahatisha. Beba pia sukari na majani ya chai, usiende boma ya watu mikono mitupu.

Alafu kaa jibu la yeyote kati yao ni hapana, iwe ni ya KCAA, ya ranger ama ya shosho amesimama kwa geti na jembe, hiyo hapana ni kamili. Usibishane, usirushie ng'ambo ya fensi. Ocha stori husafiri haraka kuliko droni yoyote, na msee wa pili atakuja na kamera wiki ijayo atapokelewa vile wewe uliondoka.